Jagi la Pili

Kwenye maabara ya ghorofa ya pili, jengo la uhandisi wa umeme, kulikuwa na mgonjwa aliyelazwa juu ya meza miaka kumi na moja, haponi wala hafi. Mgonjwa mwenyewe alikuwa jagi la plastiki lenye mpini uliopasuka, limejaa maji yenye chumvi iliyopimwa kwa mizani. Fundi wa maabara ndiye aliyelibatiza jina hilo, na akalishikilia kwelikweli. Kila asubuhi akiingia, kabla hajavua hata kofia, atauliza hali ya Mgonjwa, atajijibu mwenyewe kwamba ameamka salama, ndipo awashe taa. Ukimcheka atakutazama juu mpaka chini akuulize, kwani wewe ni nini kama si maji na chumvi iliyovaa shati?

Wala hakuwa anatania tu. Mawimbi ya redio yana tabia moja mbaya: hewani hupita bila shida, ukuta hupenya, lakini yakikutana na maji ya chumvi humezwa palepale. Na mwili wa binadamu ndio hayo hayo maji ya chumvi. Kwa hiyo kifaa chochote cha kuvaliwa mwilini kilichotengenezwa pale kilibandikwa kwanza ubavuni mwa lile jagi, kikatuma mawimbi yake, na kipokezi kilichokuwa ukutani upande wa pili kikasema kimesikia au hakikusikia. Kikifeli kwa Mgonjwa, hakuna kwenda popote.

Mwenye maabara hiyo, profesa, alikuwa mwanamke mfupi aliyebakiza mwezi mmoja kutimiza miaka sitini na tano, miwani imening'inia shingoni kwa kipande cha waya wa simu. Kipande hicho kiliwaua wanafunzi kwa kicheko, maana jina walilompa, kwanza nyuma ya mgongo wake na siku hizi hata mbele yake, lilikuwa Bila Waya. Alilijua, na alilipenda, ila alijitia halijui.

Hakulipata bure. Ujana wake aliumalizia milimani, antena ya kupimia begani na daftari mfukoni, akipima sauti ya mnara huu inafika wapi na ya mnara ule inapotelea wapi. Alipanda vilima ambavyo wenzake wanaume waliviangalia kwa mbali wakasema watakwenda kesho. Shahada yake ya uzamivu aliiandika juu ya namna mvua inavyokula mawimbi, na alipoanza kufundisha watu walimtabiria makubwa: huyu, walisema, atakuwa mtu wa minara mpaka mwisho.

Halafu akajifungua. Mtoto wa kwanza, na akawa wa mwisho, alikuja miezi saba, ana kilo moja na robo, mdogo wa kutisha. Siku ishirini na tatu aliwekwa ndani ya kisanduku cha kioo, nyaya tatu fupi zimetoka kifuani mwake mpaka kwenye mashine iliyopigiliwa ukutani. Kila siku mama mtu aliomba ampakate, kila siku akajibiwa kwa upole kwamba haiwezekani, nyaya zitachomoka na mashine itapiga kelele. Hebu fikiria. Mtu anayerusha sauti ya binadamu kutoka mlima hadi mlima bila kamba yoyote, kashindwa kuvuka hatua moja ya sakafu kwa mwanawe. Ilimuuma, tena ilimuuma hasa, na tangu hapo minara ikamtoka moyoni.

Aliporudi kazini alitangaza kwamba sasa atatengeneza vifaa vya hospitali. Wenzake wakapata la kusema: dada kahama minara, kahamia kwenye nepi. Aliwaacha waseme. Kifaa chake cha kwanza cha kusikiliza moyo kwa redio kilikuwa kizito kama tofali. Ungemwekea mtoto kifuani ungemuua. Cha pili kilikuwa chepesi lakini kilipata moto, na kwa vile alikijaribu kwanza mwilini mwake, alama yake anayo mpaka leo chini ya mtulinga. Cha tatu kilisikia kila kitu, hata redio ya mlinzi getini. Miaka ikaenda. Wanafunzi waliomchekea cha kwanza wakawa wakubwa wenye ofisi na makatibu, yeye bado yuko na solda yake ya kuunganishia nyaya na kile kimoja alichokitaka: mtoto mchanga asikilizwe moyo bila kufungwa, na mama yake ampakate.

Na mwishowe akakipata. Kiraka laini, upana wake kama kifuniko cha chupa ya maji, betri yake inakaa siku tano, kinabandikwa kifuani na kumwambia muuguzi mapigo ya moyo kupitia skrini iliyo mezani pake. Hospitali kubwa ya karibu na chuo ilikubali kukijaribu katika wodi ya watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Miezi minane kikajaribiwa. Ripoti ilikuwa isomwe mbele ya kamati ya wizara siku ya Alhamisi, na kamati ikikubali, kiraka kingekwenda hospitali zote za nchi. Mwisho wa mwezi Profesa alikuwa anastaafu. Kwa hiyo unaona mwenyewe ilivyokuwa: kazi ya maisha yake ilikuwa imebakiza siku tatu ifike nyumbani, na baada ya hapo hana ofisi, hana maabara, hana nafasi nyingine.

Jumatatu asubuhi ripoti ilikuwa tayari, imebaki sahihi ya sista mkuu wa wodi. Angeweza kumtuma mtu. Lakini alikuwa na furaha, na mwenye furaha hatulii. Akasema ataipeleka mwenyewe. Tena ndani ya miezi yote minane hakuwa amekanyaga wodini hata mara moja, na hilo alilifanya kwa makusudi. Alijua akitokea na cheo chake watu wangekaa mkao wa kukaguliwa. Takwimu zilimfikia ofisini zenyewe, usiku na mchana, na yeye aliisikiliza wodi nzima kwa mbali, roho kwatu.

Takwimu zilikuwa tamu. Majuma mawili ya mwanzo mapokezi ya mawimbi yalisuasua, asilimia themanini na moja, kisha yakapanda mpaka tisini na nane na yakakaa huko huko. Katika ripoti alikuwa ameandika sentensi moja aliyoipenda kupita zote, akamsomea fundi mara mbili: wauguzi walipokizoea kifaa, mapokezi yaliimarika. Fundi aliitikia kwamba hiyo ni sentensi ya kuwekewa fremu.

Sista mkuu alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, aliyezoea kusema karibu na waliolala. Alimpokea kwa heshima zote, akamfutia kiti ambacho hakikuwa na vumbi, akaanza kuitafuta kalamu. Profesa naye hakukaa. Alisimama kwenye mlango wa kioo akatazama ndani, kwa hamu ya mtu anayekwenda kuona nyumba aliyoijenga kwa kutuma vifaa tu.

Vitanda kumi na viwili vidogo vya plastiki. Watoto kumi na wawili, kila mmoja na kiraka chake kifuani, hakuna waya hata mmoja. Moyo ukamjaa. Kisha akaona viti. Kando ya kila kitanda palikuwa na kiti, na kwenye kila kiti mama, na kila mama kaingiza mkono mmoja ndani ya kitanda na ule mwingine kauweka juu ya mapaja yake. Mapaja yalikuwa matupu. Akahesabu, maana mhandisi hana tiba ya ugonjwa wa kuhesabu. Kumi na wawili. Hakuna aliyempakata mwanawe hata mmoja.

Karibu na mlango alikaa mama kijana, khanga imemtoka begani, anamtekenya mwanawe nyayo kwa kidole. Profesa akaingia, akamjulia hali, akamuuliza kwa nini hambebi. Yule binti akamwangalia sista kwanza, kama anayeomba ruhusa, kisha akajibu.

"Nikimbeba kinalia, bibi. Hiki cha kifuani. Kinataka alale."

Profesa alidhani hakusikia vizuri. Sista mkuu akaja nyuma yake, kalamu mkononi, akafafanua bila wasiwasi wowote, kama mtu anayesifia. Mwanzoni, alisema, walipata tabu kidogo. Mama akimweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi kama wanavyofundishwa, skrini inakufa na kengele inalia, wakimlaza, inarudi. Mara ya kwanza, mara ya pili, wodi nzima inaamka, watoto wanalia, daktari anakuja mbio viatu mkononi. Baada ya majuma mawili wauguzi wakaelewa kifaa kinavyotaka. Wakawaelekeza mama: mtoto alale, nusu saa asubuhi na nusu saa jioni atavuliwa kiraka abebwe, muda uliobaki aguswe kwa mkono. Tangu hapo, alisema sista, kimya kabisa, kifaa hakina matatizo.

"Mbona hamkuniambia?" Profesa aliuliza.

Sista alitazama kalamu. Kitabu cha kuandikia kasoro kilikuwepo, kimening'inia kwenye msumari, kikiwa safi kama kilivyotoka dukani. "Mwalimu, daktari wetu ulimfundisha wewe somo la vifaa chuoni," alisema. "Na aliyemfundisha fundi wetu wa vifaa ni wewe. Tulisema kama kinataka mtoto alale, basi wewe unajua sababu. Sisi nani wa kukukosoa?"

Loo. Kuna maneno ukipigwa nayo huoni pa kushika. Profesa alishukuru, akachukua ripoti yake isiyo na sahihi, akasema atarudi. Kwenye ngazi alisimama chini ya dirisha, akatoa ile karatasi yenye sentensi yake nzuri, akaisoma tena. Wauguzi walipokizoea kifaa, mapokezi yaliimarika. Ilikuwa kweli tupu, neno kwa neno. Haya ikampanda mpaka masikioni, akaikunja karatasi mara nne, akaenda zake kwa miguu hadi chuoni huku watu wakimsalimia na yeye haitiki.

Fundi alikuwa amejiandaa kwa sherehe. Alikuwa amechemsha chai, kaifunika, na amelipanga jagi la chai na vikombe juu ya gazeti jipya. Alipomwona uso ulivyo akakirudisha mezani kikombe alichokuwa amekwisha kumnyanyulia. Profesa hakukaa. Alilichukua jagi la chai, akaimwaga chai yote kwenye sinki, fundi akifuatisha kwa macho kama anaona maiti ikipita, akaliosha, akalijaza maji, akapima chumvi gramu kwa gramu. Kisha akalibeba, akaliweka mezani ubavu kwa ubavu na Mgonjwa, kiraka katikati ya majagi mawili.

Mstari kwenye skrini ukalala chali. Kipokezi hakikusikia kitu. Akalisogeza jagi la pili upana wa mkono, mstari ukaamka. Akalirudisha, ukafa. Akafanya hivyo mara tano, na mara ya tano fundi akamshika mkono, taratibu, kwa namna ambayo hakuwahi kumshika katika miaka yote waliyofanya kazi pamoja.

"Fundi," alisema Profesa, "tulimsahau mama."

Akamweleza yote, mpaka vile viti kumi na viwili na mapaja matupu. Miaka kumi na moja walikuwa wamempima mtoto peke yake, jagi moja juu ya meza, kana kwamba mtoto huzaliwa na meza. Kifaa kilichotengenezwa ili mama apakate, hakuna siku hata moja walipokijaribu mama akiwa amepakata. Fundi alikaa chini. Alisema kosa ni la wote wawili, alisema pia kwamba majagi yalikuwa manne kabatini muda wote huo, na neno hilo la pili kama angelibakiza moyoni ingekuwa vyema zaidi.

Siku mbili zilizofuata hakulala vizuri wala hakula la maana. Nisikufiche, alishawishika. Alijiambia kasoro ni ndogo, itarekebishwa baada ya kamati kupitisha. Alijiambia nusu saa mbili kwa siku si haba. Alijiambia ana miaka sitini na minne na haki ya kupumzika. Kila alichojiambia kilikuwa na ukweli ndani yake, na kila kimoja kilimrudisha kwenye vile viti kumi na viwili.

Jumatano jioni mwanawe alikuja kula, kama kawaida yake. Yule wa kilo moja na robo sasa ni mwalimu wa michezo, pande la mtu, akiingia mlangoni lazima ainame, na kiti cha jikoni hulalamika akikikalia. Mama yake alimsimulia yote akiwa amempa mgongo, anaosha sahani ambazo zilikuwa safi. Alimwambia nia yake ilikuwa ni kwa ajili yake, kwa zile siku ishirini na tatu, na sasa amewafanyia mama wengine kile kile alichofanyiwa yeye.

Mwana alitafuna, akameza, akasema yeye hizo nyaya hazikumbuki hata kidogo. "Ninachokumbuka mimi ni ulivyonibeba mpaka darasa la pili," alisema. "Watoto wananicheka, miguu yangu inaburuza chini, wewe huniachi. Mama, ulilipa deni lako zamani. Hao wa wodini ndio hawajapewa." Kisha akaomba aongezewe chakula. Profesa alicheka, na katikati ya kicheko akalia, na alipomaliza alikuwa amekwisha kuamua.

Alhamisi kamati ilikuwa na watu saba. Mwenyekiti alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, kijana wa mstari wa mbele enzi hizo, leo ana kipara na tai ya hariri. Walikuwa wamekwisha kuandaa hata maneno ya pongezi. Yalionekana kwenye karatasi iliyokaa juu ya nyingine. Profesa alisimama, hakufungua ripoti, akaomba majagi mawili ya maji yaliyokuwa mbele yao. Chumvi alikuja nayo mfukoni, kiraka na kipokezi mkobani. Akawaonyesha, akaketi.

Mwenyekiti akakohoa, akasema kwa upole wa mtu anayemstahi mwalimu wake kwamba kifaa chochote kipya kina dosari, kwamba asilimia tisini na nane ni asilimia tisini na nane, na kwamba wapitishe sasa, marekebisho yatafuata. Akaongeza, akiinamisha macho, kwamba kikirudishwa leo hakitarudi mezani kabla ya mwaka mzima, na wakati huo mwalimu atakuwa ameshaondoka chuoni. Alitaka kumsaidia, maskini. Ndiyo maana ilikuwa vigumu zaidi.

"Kikienda hivi," Profesa alisema, "kitawafundisha wauguzi wa nchi nzima kuwalaza watoto. Na watafundishika, kwa sababu ni watu wenye adabu. Kirudisheni."

Wakakirudisha. Ile karatasi ya pongezi ikawekwa chini ya nyingine, watu wakapeana mikono, na saa nne na nusu asubuhi kazi ya miaka thelathini na moja ikawa haina tarehe. Alitoka nje akasimama juani. Alitarajia atajisikia vibaya sana, na kweli alijisikia vibaya, lakini vile viti kumi na viwili aliweza sasa kuvifikiria bila kugeuza uso.

Basi ungedhani mtu kama huyo angekwenda kujifungia kwake. Alirudi maabara. Jagi la pili lilikuwa bado mezani na fundi alikuwa amekwisha kulipa jina, Mama Mgonjwa, na kulibandikia karatasi ya kumkataza mtu yeyote kulitilia chai. Walibishana mpaka saa sita juu ya kiraka cha pili, cha kubandikwa mgongoni kwa mama, kinachoweza kumsikia mtoto kupitia ngozi na kupeleka habari mbele. Fundi aliona inawezekana. Profesa aliona itachukua mwaka, labda miwili. Fundi akamkumbusha kwamba kustaafu ni kuacha mshahara, hakuna mahali palipoandikwa kwamba ni kuacha kuja, na kwamba ufunguo wa mlango anaushika yeye.

"Na yule binti wa mlangoni?" Profesa aliuliza. "Mwaka mzima amwekee mtoto kidole?"

Profesa alikuwa anaichezea miwani yake, anaizungusha, na vidole vikafika kwenye kile kipande cha waya wa simu. Akakitazama. Kisha akaenda kwenye kabati la chini kabisa, lile lisilofunguliwa, akapiga magoti, akaanza kuvuta nje waya laini wa zamani, uliokingwa usipokee kelele za hewani, mviringo mzima. Fundi akauliza kulikoni. Akaambiwa awashe solda.

Walifanya kazi mchana kutwa. Asubuhi ya Ijumaa fundi wa vifaa wa hospitali alizipima zile nyaya moja moja, akazipima tena kwa vile aliyemletea ni mwalimu wake na safari hii aliamriwa atafute kosa, akakosa. Stoo kulikuwa na mashine za kusomea moyo za zamani, zile za ukutani, zimefunikwa shuka tangu viraka vilipokuja. Zikapanguswa. Profesa Bila Waya akapita kwenye korido ya hospitali, mchana kweupe, kabeba begani mzigo wa nyaya kama fundi wa simu, fundi wake wa maabara akimfuata nyuma. Waliomjua waligeuka. Mwanafunzi mmoja wa udaktari akaziba mdomo kwa mikono miwili. Mwenyewe akaona, akamwambia acheke tu, ana haki.

Sista mkuu alikuwa mlangoni. Safari hii kitabu cha kasoro alikuwa nacho kwapani, na ukurasa wa kwanza ulikuwa umejaa pande zote mbili. Alikuwa ameandika tangu Jumatatu.

Wakaanza na mama kijana wa karibu na mlango. Sista alibandua kiraka, akaunganisha nyaya tatu mpya kwenye kifua kidogo chenye mbavu za kuhesabika, akampa mama yake mtoto ndani ya khanga, kifua kwa kifua. Nyaya zikapita juu ya bega la mama, zikashuka mgongoni mwa kiti, zikatambaa sakafuni bila kuvutika, zikapanda ukutani. Wote wanne wakatazama skrini. Mstari ukapanda, ukashuka, ukapanda. Kengele haikulia. Mtoto aligeuza kichwa upande mmoja, akafungua kinywa, akalala.

Mama yake alikuwa ameshika pumzi, na alipoiachia mabega yake yote mawili yalishuka, kama mtu aliyetua ndoo. Profesa akamuuliza mtoto ana siku ngapi. Akajibu kumi na tisa.

Fundi, kwa kuwa ni fundi, akapima kwa macho na kusema kwa sauti ya chini kwamba wangeweza kupunguza kidogo, mita tatu zinatosha kabisa, tena zinabaki.

Mita tatu. Hapo ndipo lilipompata. Zile nyaya za mwanawe zilikuwa fupi, hazifiki hata mita moja, na mashine ilikuwa ukutani. Hazikuwa zimemzuia kwa sababu ni nyaya. Zilimzuia kwa sababu ni fupi, na hakuna aliyeuliza zikirefushwa itakuwaje, hata yeye mhandisi aliyesimama pale siku ishirini na tatu akizichukia. Solda alikuwa nayo nyumbani. Waya alikuwa nao, milima mizima ya waya. Angeweza kuzirefusha jioni moja, kwa mkono wake, na kesho yake akampakata mwanawe.

Akatafuta kiti, akakaa, akavua miwani. Machozi yakaja yenyewe na hakuyazuia; alikuwa amechoka kuzuia vitu. Sista akageukia kitanda cha pili, akaanza kumwelekeza mama wa hapo namna ya kukaa. Fundi akajitia anakagua soketi.

Yule mama kijana alimtazama kwa wasiwasi, mkono wake ukiwa umefunika mgongo wote wa mtoto. "Bibi," aliuliza, "kuna kitu kimeharibika? Nimrudishe?"

"Hapana, mwanangu," Profesa alisema. "Inasoma vizuri. Usimrudishe."